Chungu Namba Saba

Base ya Kamina, bureau kubwa
Tarehe 9 Machi 1999

Mwipwa wangu Séphora,

Kama minyi nikikufa leo, hii vita itasimama siku tatu juu bakubwa ba pande zote bapate kuya ku kilio. Sisemi vile juu ya kujisifu. Weye unanijua, kujisifu sijue. Ninakuelezea tu namna mambo iko.

Tangu Dimanche, siku ya kanisa, niko hapa Base, kambi kubwa ya askari. Baliniita. Balikuja na jeep asubuhi na mapema, askari ine, jogoo hata haijapanguza macho. Bakasema: "Papa Malachie, tunakutaka." Nikauliza: "Hamuwezi kungoja ninywe chai?" Bakasema hapana. Unaona namna banavyonihitaji? Hata chai habakuniachia.

Banipatia bureau ya peke yangu. Ku mulango kunasimama askari babili na bunduki, muchana kutwa, muntu asiingie kunisumbua. Dirisha iko juu sana, sababu kazi yenye ninafanya haifae kuonekana. Chakula njo inaletwa. Hata nikitaka kutoka kutembea kidogo, banasema: "Hapana, Papa, bakia." Nani mu familia yetu alishapendwa vile?

Sasa tuongee juu ya sanduku ya musée, ile nyumba yenu ya bitu bya zamani, yenye uliniachia mu vacances, mbele vita ianze. Usiogope. Nimeitumikisha kuliko ulivyoniagiza. Batoto kumi na wawili kila Jeudi, siku ya ine ya kazi, nyuma ya masomo. Nilipiga misumari nikafanya kisanduku kikubwa cha muchanga nyuma ya nyumba, mètre mbili kwa mbili. Nikakata na kamba miraba kumi na sita, A1 mpaka D4, nikaficha mulemule bile bitu saba bya Lubumbashi: kamusalaba ka shaba, kikuku, shanga, shoka ndogo, mifupa mbili ya mbuzi na kale kachungu. Batoto banachimba na brosi na kijiko. Na sheria njo ile ile: chora mbele, gusa nyuma. Mutoto akigusa mbele hajachora, ninamutoa mu kamba, hata akilia. Chloé wako, mwenye vita ilimukuta kwangu, anachora kuliko bote. Plan yake, ramani ya kisanduku, niliitundika ku ukuta wa salon, iko na mushale wa kaskazini kama ya ingénieur.

Banajua beko na mwalimu gani. Niliwaelezea namna bazungu walishindwa kuchimba makaburi ya zamani ya Sanga mpaka minyi nikafika, na namna mamba ya ziwa Kisale ilinishika mukono, nikaigeukia nikaiuma mukia. Mamba ikalia. Minyi, hakuna hata jino moja ililegea. Mpaka leo ninavunja mufupa ya ng'ombe na meno haya.

Ninaomba kitu kimoja kadogo. Nitumie barua ya musée, na kashe, muhuri ya bakubwa, iandikwe: Malachie Kabange, Directeur ya Batoto na Sayansi ya Haut-Lomami Yote. Haraka kidogo. Na umwambie Chloé asiingie mu chumba yangu. Mule muko mapapier ya serikali.

Ni minyi tonton wako,
Malachie

*

Kamina, 12 Machi 1999

Mama,

Ulinifundisha kwamba mtu wa musée anaandika chenye aliona, na chenye alisikia anaandika pembeni. Ninafanya vile, na fishi, kadi kama zenu za musée. Barua hii anaileta Papa Urbain wa ku treni, ameificha mu sahani yake ya chakula.

FISHI 1. Kitu: kushikwa kwa nkambo Malachie, babu yetu.
Samedi, askari wawili walipita ku njia, wakaona kamba zetu na miraba. Mmoja akauliza: "Papa, hizi kamba ni za nini?" Angeweza kusema ni mchezo ya watoto. Watoto tulikuwa palepale, Jessé alikuwa na kijiko mu mkono. Lakini nkambo akafunga mikono ku mgongo, akasema: "Mukitaka kujua, muulize Kinshasa. Hii plan tunaijua bantu batatu mu Congo yote, na wawili walishakufa." Askari wakaangaliana. Walienda. Kesho yake, Dimanche asubuhi mapema, wakarudi wanne, wakatoa plan yangu ku ukuta, wakamuchukua nkambo na pyjama. Mimi nilikuwa ku kisima.

FISHI 2. Kitu: mahali eko.
Haiko Base. Ni stoo ya zamani ya mahindi ku poste ya askari, ku njia ya base. Mlango moja, unafungwa kwa inje. Dirisha moja, yapata santimita 30 kwa 20, juu. Nilienda na Mama Léa, jirani, mwenye anauzisha mikate kule. Walifungua mlango nusu dakika. Nkambo alikuwa amesimama. Aliponiona akageukia ukuta, mkono ku mdomo. Hakusema kitu. Nilimwita mara tatu. Nililia njia yote (hii niliona, sababu ni mimi).

FISHI 3. Kitu: sahani ya nkambo, namna inarudi.
Kalanga za kukaanga: zote zimerudi. Muhindi ya kuchoma: haijaguswa. Nyama: imerudi, imenyonywa. Bukari (ugali): imeisha. Uji: umeisha.
Maelezo: sina.

PEMBENI (nilisikia). Komanda wa poste alimwambia Mama Léa: "Samedi yule muzee aliongea kama redio. Tangu Dimanche amefunga mdomo kabisa. Mtu akifunga mdomo vile, anaficha kitu." Tena alisema askari walimwaga kisanduku chetu chote, wakapimisha na plan. Nukta sita zilikuwa na kitu chao. Namba saba, hakuna. Kale kachungu, Mama. Anataka namba saba. Lundi, siku moja nyuma ya kumushika nkambo, walikuja kutafuta redio ya kuongea na waasi mu nyumba. Walipasua matela ya kitanda, walipanda ku dari. Redio haikuwa.

Jeudi watoto walikuja. Niliwaambia warudi kwao. Jessé alisema ataleta kijiko chake siku nyingine.

Chloé

*

Lubumbashi, 17 Machi 1999

Tonton Malachie,

Barua mbili zimenifikia siku moja. Moja inasema uko na bureau. Nyingine inasema mlango unafungwa kwa inje. Unajua nimeamini ya nani. Yule mtoto hajui kudanganya, bado hajafundishwa.

Nilienda gare ya treni mara tatu. Kila treni ya kwenda huko ni ya askari. Nilimwomba chef de gare hata nipande na magunia. Akasema: "Mama, magunia nayo hayana nafasi." Kwa hiyo wewe umefungwa huko, Chloé amefungwa huko, na mimi nimefungwa hapa, na njia ya reli iko katikati inatuangalia.

Juu ya barua ya musée. Mkubwa wangu atasaini na kashe ataweka, lakini ataandika ukweli tu, maana komanda anaweza kuuliza kwa redio. Ataandika: Malachie Kabange anatunza sanduku la watoto, na ile plan ni ya kisanduku cha mchanga. Directeur hataandika. Usinune. Hicho cheo cha kweli kinaweza kukutoa, kile kingine ndicho kimekuingiza. Mdomo uliponza kichwa, Tonton, ulinisomea wewe mwenyewe hiyo methali nilipokuwa mdogo.

Lakini barua yetu haitatosha kama namba saba haionekani. Kile chungu nilikifinyanga mimi, kwa udongo wa mto Kafubu, nikifuata chungu cha Sanga chenye kiko hapa mu kabati ya vioo. Chini yake niliandika 7 kwa wino mweusi. Hakina siri. Kinaingia maji ya kikombe kimoja. Kiko wapi? Ulikiuza? Kilipasuka? Sema tu kilipasuka, nitafinyanga kingine.

Na kwa nini ulimgeukia Chloé mgongo?

Nikwambie jambo. Nilipokuwa na miaka nane ulinichorea Sanga mu vumbi na kijiti: huku kaburi, huku chungu ku kichwa, huku msalaba wa shaba ku kifua. Nilijua hata wakati ule kwamba kule ulikuwa unabeba maji ya wachimbaji, ulikuwa mtoto wa miaka kumi na tatu. Mama aliniambia. Mamba nilijua ni uongo. Lakini chungu ku kichwa na msalaba ku kifua vilikuwa kweli, nikaja kuviona hapa kwa macho, vimelala vile vile ulivyochora. Nusu yako ya uongo ilinichekesha. Nusu yako ya kweli ndiyo ilinipeleka musée. Ndiyo maana sanduku nililiacha kwako, si kwa mwalimu mwenye diploma.

Nipe hiyo nusu sasa. Iko wapi namba saba?

Mwipwa wako,
Séphora

*

Base ya Kamina
Tarehe 21 Machi 1999

Mwipwa Séphora,

Barua yako nilimusomea komanda. Akalia. Akasema: "Papa, hii familia yenu iko na bantu ba akili." Nikamwambia: "Na haujaona bale bakubwa."

Sawa, hakulia. Na minyi sikumusomea. Mama Léa aliileta chini ya mikate, nikaisoma chini ya dirisha.

Mambo iko muzuri sana. Banataka kunipandisha cheo. Kutakuwa ndege Jeudi tarehe moja mwezi wa ine, inaenda Kinshasa, na bantu bote benye beko hapa mu mabureau tutapanda. Kule banakuuliza maswali bakubwa wenyewe. Jirani yangu, muntu moja wa Bukama, alipanda ile ya juma yenye ilipita. Hakurudia. Alisahau viatu yake hapa ku mulango, na mpaka leo hakuna muntu alikuja kuvikamata. Ninaviangalia. Ni viatu vizuri.

Juu ya namba saba: usijisumbue. Kuko chief moja alikuja kuazima. Hapana. Iliruka. Séphora, namba saba iko mahali pake na haina mambo na vita, njo yote naweza kusema. Sikuiuza. Haikupasuka. Nilijaribu kuandikia komanda ku karatasi kwamba haina maana, akasoma, akaniuliza: "Kama haina maana, juu ya nini hausemi kwa mudomo?" Njo pale nilishindwa.

Juu ya Chloé. Umwambie kazi ya serikali haina kuangalia nyuma. Umwambie nilikuwa ninafikiri. Hapana, usimwambie kitu. Mu barua muntu eko muzima, mwipwa. Ninaandika na ninajisikia niko na shati nyeupe, nimesimama mbele ya darasa, batoto beko na mudomo wazi. Ku macho njo kuko shida. Yule mutoto mbele yake nilisema mambo mengi. Afazali anione mugongo.

Watoto ya askari banapita hapa inje banacheza. Jana mumoja alichora miraba mu vumbi na kijiti, mwenzake anauliza ni nini, anajibu: "Ni ya yule muzee wa mifupa." Habajui niko hapa ndani nawasikia. Banavyochora ni vibaya, habaachi nafasi ya namba. Ningetoka dakika tano, ningebarekebishia.

Chumba yangu isiguswe. Ninarudilia: isiguswe.

Malachie

*

Lubumbashi, 25 Machi 1999

Chloé mtoto wangu,

Papa Urbain ananingoja, kwa hiyo ninaandika haraka. Ndege ya Jeudi haifai nkambo wako aipande. Unaelewa, uko mkubwa.

Wale askari walitafuta redio, ndiyo maana hawakuona kitu kingine. Mtu anaona chenye anatafuta. Wewe utafute chungu.

Fanya kama mu kisanduku. Chukua kamba yetu, ukate nyumba miraba, upe herufi na namba. Usianze mahali unapofikiri kiko. Anza A1, umalize, uandike, ndio uende A2. Na mahali mtu amesema isiguswe, hapo nako ni mraba kama mingine. Mimi mama yako ninakupa ruhusa, dhambi iwe yangu.

Ukikipata: chora kwanza. Pima. Andika kiko na nini ndani, na kinaangalia wapi. Halafu ukipeleke kwa komanda pamoja na hii barua ya musée na carnet yako, daftari la kuchorea, yote tangu ukurasa wa kwanza. Umwonyeshe namna ulivyochora kila Jeudi tangu Septemba. Mtu anaweza kudanganya siku moja. Carnet ya miezi sita haidanganyi.

Usiende peke yako. Uende na Mama Léa.

Mama

*

Kamina, Mercredi 31 Machi 1999, asubuhi

Mama,

Nimeipata.

Nilikata nyumba yote, miraba kumi na minane. Watoto walikuja kusaidia, Jessé alishika mwisho wa kamba. Salon: hakuna. Jikoni: sufuria, hakuna. Chumba ya nkambo ni C1, C2, D1, D2. Mu C1 muko kanzu yake ya kanisa na picha ya mke wake marehemu. Mapapier ya serikali hayako, niliangalia vizuri. Muko kalenda ya zamani tu.

FISHI 41. Kitu: chungu, namba 7 chini yake, wino mweusi.
Mahali: C2, chini ya kitanda, nyuma ya karton ya Biblia za zamani. Askari walisukuma karton, alama ya kiatu iko. Chungu walikiacha.
Kinaangalia: juu. Kimefunikwa na kitambaa safi.
Ndani: maji, nusu. Na meno. Ni meno ine ya mbele, ya juu, zimekaa ku kitu cha rangi ya pinki, kama ufizi, na kamba mbili ndogo za chuma ku pembe.
Sijagusa. Nimechora kwa pande tatu.

Mama, ni meno ya mtu. Niliogopa lakini nilimaliza kuchora. Ninafikiri ni za mtu wa Sanga na nkambo alizificha tangu utoto wake, ndiyo siri yenye alisema wanaijua watu watatu. Lakini ziko nyeupe sana. Watu wa Sanga walikuwa wanapiga meno mswaki? Na chuma ile, walijua kuitengeneza nyembamba vile? Kama ndiyo, ni jambo kubwa, musée lazima ijue.

Nilimwita Mama Léa aone. Aliinama, akaangalia ndani. Akakaa chini. Akacheka mpaka kitenge chake kikafunguka. Nilimuuliza: "Mama Léa, ni nini?" Akasema: "Mutoto, minyi sisemi. Mwenye kusema ni mwenyewe." Halafu akaacha kucheka, akasema: "Masikini Malachie. Juma tatu na nusu." Akafunika chungu na kitambaa, akasema twende sasa hivi, masomo ya leo niyaache.

Watoto wote wanataka kuja. Ninakuja kumaliza barua nikirudi.

*

Kamina, ku nyumba yangu
Lundi tarehe 12 Aprili 1999

Mwipwa wangu Séphora,

Chloé alikataa kumaliza barua yake. Alisema: "Nkambo, ile yenye ilibakia ni yako." Akaitia mu enveloppe vile vile, ananipatia bic, kalamu yake. Hauna huruma mutoto wako.

Niko ku nyumba. Nilitoka Mercredi, ndege ikaenda Jeudi na bengine. Ningependa kukwambia nilimwekea komanda masharti. Nilianza hata kuandika ukurasa muzima vile, Chloé akapita nyuma yangu, akasoma, akauliza: "Uliona ama ulisikia?" Nikapasua.

Ilikuwa hivi. Balinitoa mu stoo, bakaniweka mbele ya meza ya komanda. Batoto bote kumi na wawili ku ukuta, Mama Léa mbele yao na kitunga. Ku meza: plan, barua yenu ya musée, carnet ya Chloé, na chungu. Minyi mukono ku mudomo, kama kila siku. Séphora, haujue kazi yake. Juma tatu na nusu mukono haishuke. Askari bakisema "kula", ninawageukia mugongo. Bakisema "ongea", ninatikisa kichwa. Samedi ile niliongea na meno. Dimanche balinikamata mbele niyavae. Nitaongea namna gani? Kila neno ingetoka na upepo. Minyi, mwenye kuuma mamba.

Komanda akafungua carnet. Ni kijana, labda miaka makumi tatu. Akasoma ukurasa kwa ukurasa, polepole, kidole ku mustari. Akauliza Chloé: "Huu mushale ni wa nini?" Akajibu: "Kaskazini." "Futa kaskazini. Plan yenye kaskazini ni ya vita." Mutoto akamuangalia, anasema: "Komanda, bila kaskazini haiko plan. Ni picha tu." Nikafikiri sasa tumekwisha sisi bote. Komanda akakwaruza kidevu. Akasema: "Ni kweli. Minyi nilisoma topographie, kazi ya ramani." Akageuza ukurasa.

Akafika fishi 41. Akatoa kitambaa ku chungu. Akaangalia ndani, akarudi nyuma na kiti. Askari mumoja akafanya alama ya musalaba.

"Meno ya nani?"

Chloé akasema, wazi kama mu darasa: "Ya mutu wa zamani sana, komanda. Nafikiri wa Sanga. Lakini sina hakika, sababu ni safi."

Komanda akanigeukia. Sauti ikabadilika. "Papa. Huyu muntu ni nani? Ulimuua?"

Sasa uone minyi. Ku pande moja ndege. Ku pande ingine batoto kumi na wawili benye nilifundisha juu ya mamba. Nitakwambia ukweli, nilichagua ndege. Nilikuwa nimeshanyamaza. Ningepanda na mukono yangu ku mudomo mpaka Kinshasa.

Lakini Chloé alikuwa na bic. Ile fishi iko na mustari moja yenye alikuwa hajajaza: Asili. Alikuwa ananingoja minyi, nikamuangalia, sikusema kitu. Akashusha kichwa, akaanza kuandika: "Kaburi ya..." Niliona ile bic inatembea. Mutoto mwenye hajaandika uongo hata siku moja anaenda kuandika wa kwanza, na uongo ile ni yangu, ataibeba mpaka Lubumbashi, mutaiweka mu kabati ya vioo.

Nikashusha mukono. Nikaingiza vidole mu namba saba, nikatoa meno, nikayavaa. Mbele ya bote. Nikasema: "Ni yangu. Kikombe yangu ya kuyalaza usiku ilipasuka Samedi jioni. Nikatoa chungu mu kisanduku. Nikatoa mbele ya kuchora."

Jessé akasema: "Lakini ni sheria."

"Njo sheria," nikamwambia. "Nitoe mu kamba."

Hapo komanda njo akacheka. Alicheka akiinamia meza, askari bakacheka, ule wa alama ya musalaba akacheka kuliko bote. Batoto habakucheka. Chloé alikata ile "Kaburi ya" na mustari moja, akaandika juu yake, akaniuliza: "Kabange na K moja?" Kama hanijui. Nilimwambia ndiyo.

Banifungulia, lakini usifikiri niko huru sana. Kila Lundi lazima niende ku poste kusaini. Leo nilisaini. Kutoka Kamina siwezi, treni ya bantu haiko, Chloé hawezi kuya kwako na weye hauwezi kuya kwetu. Tuko mu kisanduku, mwipwa, kamba pande zote. Lakini Jeudi batoto walikuwa makumi mbili na watatu. Kumi na mumoja ni ba askari. Komanda alileta wake mwenyewe, kasichana, kanaitwa Tamar, kanashika brosi kama fagio. Ananiangalia mudomo saa yote.

Hawajaniambia kitu juu ya mamba. Njo inaniumiza zaidi. Jeudi yote nilingoja mumoja aulize, niwe na nafasi ya kusema nilikuwa ninachekesha. Hakuna aliyeuliza. Walichora.

Sasa Chloé amefungua fishi ingine. Anasema kama meno yalilala mu kitu cha musée siku makumi mbili na tano, lazima ziandikwe, ni historia ya chungu. Fishi 42. Mwenye: Malachie Kabange. Mahali pa kutengenezwa: ku misheni, 1984. Bile yote nilijaza na mukono yangu. Umebakia mustari moja, Namna meno za kwanza zilivyopotea, na unanikalia ku meza tangu asubuhi. Niliandika "mamba", nikakata. Niliandika "nilianguka na baiskeli", nikakata. Anapita, anaangalia, anapita tena.

Umuandikie weye, Séphora, mukono yangu inakataa, na pasteur asisikie, sababu minyi njo nafundisha batoto ba kanisa Dimanche wasionje hata tone. Ilikuwa ku ndoa ya Noé, jirani yangu wa zamani. Nilitaka kuonyesha bantu naweza kufungua chupa na meno. Na mu ile chupa, mwipwa wangu, hamukuwa limonade.

Malachie